Chupa Kwenye Debe la Maharage

Baba,

Shikamoo. Najua haifiki huko, lakini sijui kuanza kuongea na wewe bila hiyo.

Nimeipata dawa yako. Ilikuwa Mgeta, jikoni kwa Shangazi, chini kabisa ya debe la maharage. Nilikuwa nachota ya kupikia wageni wa arobaini yako. Chupa imejaa, Baba. Imejaa! Nilikaa sakafuni nikalia, na sikulia kwa huzuni. Huzuni itasubiri zamu yake.

Unakumbuka ile siku hospitali, mjini? Ulimtazama yule daktari kijana ukamwambia, "Mwanangu, kansa hii mmeshasema haitibiki. Basi nichome sindano niende zangu. Nimechoka." Akavua miwani. Akasema sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu, hajui kama mkono wake ungekubali. Ndipo akatupa mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu tu. Kipimo cha kwanza ulinyweshwa palepale hospitali kabla hawajatujazia chupa. Ilikuwa chungu, ukakunja uso. Jioni ile nyumbani kwangu Mafiga ulimaliza uji, ukamtania mume wangu kwamba kabichi alizopanda uani ni saizi ya vitunguu. Sikukusikia ukicheka tena.

Shangazi naye alikuwemo chumbani kwa daktari. Akaunganisha mambo kivyake: kaka ameomba kufa, daktari ametoa chupa, basi chupa ndiyo kifo chenyewe. Kesho yake akakupandisha mlimani kwake Mgeta, akaificha chupa, akawa anakunywesha maji ya asali. Nilipokuja Jumamosi ukaninong'oneza, "Dawa yenu siku hizi tamu, lakini haifanyi kitu." Nikadhani ugonjwa umekuharibu ulimi. Ulikuwa unang'ata shuka mpaka linatoboka, na dawa iko chumba cha pili, chini ya maharage.

Nimembana. Amenijibu, "We mtoto, huyu wa ukoo wetu, wewe wa ukoo wa mama yako. Ningekaa nitazame kaka yangu anauawa?" Alikuwa analia, na bado sikumhurumia. Najua desturi yetu, mtoto hahesabiwi kwa babake. Lakini nilipofua mashuka yako hakuna aliyeniuliza ukoo.

Na kwenye arobaini kila aliyesimama alisifia subira yako. Subira gani? Subira ni ya mtu aliyepewa cha kuchagua. Wengine, wale wenye huruma, wanasema hukumaanisha, yalikuwa maumivu tu yanaongea. Hao ndio wananiudhi zaidi. Nilikuwepo. Ulikuwa na akili zako timamu, na ulisema unataka kwenda. Sitaki mtu akusahihishe kaburini.

Shehe amenieleza uhai ni wa Mungu, wala sibishani naye. Nilimuuliza kama kutuliza maumivu nako ni dhambi. Akasema hapana, hata kidogo. Mimi msimamo wangu nakwambia wewe kwanza: mgonjwa asiyepona, mwenye akili timamu, akisema basi, daktari aruhusiwe kumsaidia. Naijua hofu ya watu. Wapo ambao wangemharakisha mzee kwa ajili ya shamba lake. Ndiyo maana nataka aseme mgonjwa mwenyewe, usiseme ukoo, wala nisiseme mimi. Asiyekubali, asikubali. Lakini asimwibie mtu dawa halafu aje kumsifia uvumilivu.

Sasa sikia. Baada ya mavuno ukoo utakaa kurithisha jina lako. Wameshamchagua Hamisi, mtoto wa Shangazi. Watamkalisha mkekani, watamwita kwa jina lako, na kuanzia siku hiyo sisi wanao tutamwita Baba. Walifikiri nitagoma. Sigomi. Nitakuja na kanga mpya, nitapiga magoti, nitamwamkia shikamoo Baba kama inavyotakiwa. Halafu nitamwekea chupa hii mapajani, mama yake akiona, ukoo mzima ukiona. Na kwa kuwa watakuwa wameshasema kwamba yeye ndiye wewe, nitamwomba awarudie yale uliyomwambia daktari.

Pumzika, Baba. Nakuahidi hawatachukua jina lako wakaliacha neno lako. Sitanyanyuka pale mkekani mpaka aliseme.

Mwanao,
Zuhura