Kitabu Ulichokisoma Msibani kwa Mama

Baba Neema,

Sikuulizi habari za Dodoma, maana Neema ananiletea zote kila ukimpigia simu. Nasikia semina zako za kujitambua zinajaa watu. Nasikia pia umemwambia mtoto unataka kurudi nyumbani Buzuruga, na kwamba mama yake siku hizi anasoma, kwa hiyo atakuelewa. Umemtuma mtoto jambo la watu wazima. Jibu nakuandikia mwenyewe, tena hadharani, kwa sababu ndoa yetu uliifanya mfano wa semina mbele ya watu nisiowajua.

Nianze na mazuri, nisije nikaitwa mwenye kinyongo. Kinyongo ninacho, tusidanganyane. Lakini unakumbuka chumba chetu cha kwanza, cherehani yangu dirishani, na wewe umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa unanisomea? Ulikuwa unatoka dukani kwa yule Mhindi wa vipuri, hata chai hujanywa, kitabu umeshafungua. Ukifika pazuri nilikuwa naacha kukanyaga ili nisikose neno. Halafu unakifunga, kidole kati ya kurasa, unaniuliza kwa nini yule mama wa kwenye hadithi amemfukuza mwanawe. Nikijibu ovyo unacheka. Nikijibu vizuri unanyamaza, na kunyamaza kwako kulinipendeza kuliko sifa.

Wala hayakuwa maneno ya vitabuni tu. Jirani yetu Mama Bahati alikuwa anawatukana watoto wa uani kila asubuhi, sote tukamwita kichaa. Wewe ukasema kila mtu ana sababu yake, tuitafute kwanza. Ukampelekea samaki, sato, ukakaa naye barazani, ukarudi na habari kwamba alizika mtoto wa umri uleule wa hao wanaopiga kelele. Baada ya hapo watoto wakawa wanamwamkia, shikamoo bibi, naye anaitikia. Siku ile nilikupenda mpaka nikajionea huruma.

Sijui vile vitabu vingine, vya kujitambua, ulivianzia wapi, vile ambavyo kila jalada lina mtu aliyekunja mikono kifuani. Ukaanza kusema lugha ya vitabu hivyo. Kaka yako akawa mtu mwenye sumu. Vikao vya harusi vikawa vinakupotezea muda, jumuiya ukaacha. Nikinung'unika, nina mawazo hasi. Nilikutania kwamba nyumba hii sasa ina daktari mmoja na wagonjwa wawili, mimi na Neema. Hukucheka.

Ndipo mama akafariki. Kwetu Kisesa unakujua. Mkwe haji msibani kama mgeni. Analala nje na wanaume wenzake kwenye moto, anashika sepetu, na akiitwa kaburini anaweka shada lake. Na mkwe wa mama ulikuwa wewe peke yako. Ulifika siku ya mazishi, ukaegesha gari kule barabarani, ukabaki ndani unasoma. Nikanyanyuka kwenye mkeka wa wafiwa kukufuata. Mfiwa mimi, wa kubembelezwa wewe! Ukashusha kioo nusu.

"Mama Neema, mazingira haya yananinyonya. Nalinda amani yangu."

Ukakipandisha. Kaburini wakaita, "Mkwe wa marehemu." Wakaita tena. Watu wakaanza kugeuka, mjomba akanitazama, nikasema unaumwa. Neema akainuka na vile viatu vyake vya shule, akaliweka shada lako. Nilitamani na mimi wanifukie.

Matanga yalipoanuliwa ukaniambia nimeikumbatia huzuni, kwamba sisi wawili hatukui pamoja tena. Mama hata udongo wake haujakauka. Ukaenda zako Dodoma, ukakue.

Vitabu ukaviacha kwenye boksi, na mimi nilivifungua kwa hasira tu, nitafute ni ukurasa gani uliokuagiza usimzike mama mkwe wako. Haupo, Baba Neema. Nimevisoma vyote, vizuri na vya hovyo, na hakuna hata kimoja kilichosema hivyo. Ulichagua yale yaliyokupendeza, kama mtu anayekula nyama na kuwaachia wenzake ugali.

Wateja wa cherehani walionikuta nasoma wakaanza kukaa kusikiliza. Sasa kila Jumamosi tunajaa hapa, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanachambua mchele. Mama Bahati naye yumo, na ndiye mbishi kuliko wote. Tukimaliza sura tunaulizana nani mtaani amelazwa, nani amefiwa, kisha tunakwenda. Kuna mmoja alikuwa anamchapa mtoto wa mumewe kila siku. Hatukumhubiria, tulisoma tu, akalia, akaacha.

Katika kusoma huko nilikukuta na wewe. Ilikuwa habari ya mtoto aliyefichwa msiba, akakua akikimbia kila penye kilio. Nikakumbuka kivuko cha Kamanga, tunakwenda kwenu kunitambulisha. Uliniambia, huku unacheka, kwamba baba yako alipofariki walikupeleka kwa shangazi, na uliporudi ulikuta kaburi limeshasakafiwa. Ulicheka sana, na mimi kwa ujinga wangu nikacheka nawe. Siku niliposoma ule ukurasa niliweka mkasi chini nikakulilia, wewe uliyenikataza kumlilia mama.

Kwa hiyo ulimwambia Neema kweli. Nimekuelewa. Hukubaki kwenye gari kwa dharau, ulibaki kwa woga, na hizo semina zako zote ni kioo kingine umekipandisha. Mjomba na wazee wa kanisa wanasema kama nimeelewa basi nikupokee. Neema akifunga shule atakuja kukuona, wewe ni baba yake na sitamnyima. Mimi sikupokei.

Zamani ungebisha hodi ningekufungulia, hata kwa kukuuliza tu kwa nini ulituacha pale kaburini. Kwa miaka nililala na swali hilo. Sasa jibu ninalo, na sina tena la kukuuliza.

Ukae salama huko.

Mimi,
Mama wa mwanao