Darasa siachi, Elinami

Tandale, Dar es Salaam

Mdogo wangu Elinami,

Salamu zikufikie hapo Same, wewe na nyumba yako. Mie ni mzima, magoti tu yananisumbua. Mgongo wako je? Na yule ng'ombe mwekundu keshazaa, au bado mnamkodolea macho?

Sasa nikuseme. Umenitumia ujumbe kwamba mmekaa kikao cha ukoo, mkaamua niache darasa la Kiingereza la kanisani nirudi nyumbani, eti bibi kizee kukaa dawati moja na vijana ni aibu kwenu. Mmeamua bila mimi, halafu mnataka nitii.

Unajua Ruthi, mjukuu wangu aliyezaliwa Uingereza, hajui Kiswahili. Tukiongea kwenye simu, mama yake, binti yangu Naamini, ndiye anatutafsiria, tena anavyotaka yeye. Mie namwita mtoto mke mwenzangu, namwambia mvivu, hajui hata kukoroga uji, kama bibi zetu walivyotutania. Naamini anaona haya, anamwambia tu, bibi anakusalimu. Miaka yote mtoto anajua ana bibi wa kusalimia.

Ndiyo maana nikaingia darasani. Juzi mwalimu katufundisha maneno yanayofanana sura wala si ndugu. "Male" ni wa kiume, "female" ni wa kike. Ungeapa la pili limezaliwa na la kwanza. Kumbe kila moja lina asili yake huko Kilatini. La kike Waingereza walilipokea kwa Wafaransa, wakaligeuza tahajia lifanane na mwenzie. Nilipiga meza kwa furaha. Na usiniletee habari ya ubavu wa Adamu. Hiyo ni Biblia, mie nasema maneno.

Jumapili kwenye simu nikamwamuru Naamini akae pembeni. Nikamweleza Ruthi hayo yote kwa Kiingereza changu cha kuchechemea, kisha nikamwambia yeye ni mke mwenzangu, marehemu babu yake alikuwa mume wetu. Nikadhani nimeharibu.

Akanijibu kwa Kiingereza, "Bibi, mchukue tu. Kwenye picha ana kipara."

Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nimemwelewa mjukuu wangu, Elinami, na hakuna aliyenitafsiria.

Kwa hiyo sirudi. Kikao kikae tena kama kina nafasi.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, anayekuvumilia. Na shangazi yetu asiyesikia vizuri, mpigie kelele sikioni ajue kwamba nasoma.

Dada yako mkubwa, mwanafunzi,
Mama Naamini