Samaki Watatu wa Jumapili

Kwa Mama Rehema, Mhunze

Pokea salamu zangu wewe na watoto. Afya ninayo, mtu wa kuongea naye sina.

Jumapili mgodi unapumzika, na wanaume wa hapa Geita huenda bwawani kuvua kwa ndoana, kutuliza akili tu. Nami nilikunja waya nikapata ndoana, nikakata ufito, nikaketi kati yao. Kulivyotulia, hadi kelele za mashine zikanitoka masikioni.

Nikavuta sato, kisha mwingine. Alipotoka wa tatu nikapaza sauti, "Watatu! Bado wawili niwe na watano!"

Wote wakanigeukia. Mzinza mmoja, mwenyeji wa huku, aliyekaa ubavuni mwangu akaanza kukunja kamba yake. "Wewe bwana! Samaki hahesabiwi mtu akiwa bado anavua. Umewafukuza."

"Nani aliniambia?" nikamjibu. Kweli, mke wangu, mgeni ataujuaje mwiko asioambiwa?

"Basi, baki na hesabu yako," akadakia mwingine. Wakacheka, wakahamia ng'ambo ya pili, asibaki hata mmoja wa kunionea huruma.

Jumapili ijayo nitarudi, mdomo nimeufunga, maana hasira hainipi mtu wa kuongea naye. Sato nimewachoma nikala peke yangu chumbani. Miiba imenishinda, kwa kuwa miaka yote wewe ndiye unayenichambulia.

Wapakate watoto kwa niaba yangu. Mungu awalinde hadi nitakapokula tena mkononi mwako.

Mumeo, Baba Rehema