Nusu ya Wimbo Iliyoko Msambweni

Mwabungo, Jumatano

Kwa mdogo wangu Mwanasha,

Assalaam alaikum. Naomba karatasi hii ikukute mgongo umekuachia na shemeji yangu Iddi anaona vizuri baada ya kupasuliwa lile jicho. Nimesikia kwamba siku hizi anawahesabu mbuzi wake akiwa amekaa kibarazani, wala hainuki. Alhamdulillahi. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini nimeyazoea kama mtu anavyomzoea wifi.

Anayeandika ni Eunice, fundi cherehani jirani yangu. Mimi nasema, yeye anaandika, maana kalamu na mimi hatujapata kujuana, na nimemwambia asinilainishie hata neno moja. Nimekupigia simu mara tano tangu Jumapili. Ukiona ni mimi huishiki, najua. Basi mwambie mkweo Zainabu akusomee polepole, asiruke mahali.

Jumapili, baada ya adhuhuri, alikuja hapa kwangu mwanamke wa Kizungu, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, ameletwa na Kheri anayewatembeza wageni kule Galu. Jina lake Hannah. Mimi nikadhani anatafuta leso za kununua, nikamwambia Kheri kwamba zangu haziuzwi, nazivaa. Kheri akacheka, akasema huyu ni bintiye Bwana Alani. Mwanasha, nilikaa chini. Alani wetu wa Galu, tuliyemfanyia kazi kabla sijaolewa, mimi na ndoo zangu za nguo, wewe na wali wako wa kuungua.

Bila shaka unaukumbuka ule mwezi wa tano. Alivaa meupe juu mpaka chini, akafunga njuga chini ya magoti, akashika kitambaa mkono huu na kitambaa mkono huu, akawa anaruka peke yake barazani kama jogoo aliyekanyaga makaa. Na sisi tukajua kabisa kwamba kapandwa na pepo, tena pepo anayedai ngoma yake. Wewe ukakimbilia ubani, mimi nikamfukiza mpaka akatokwa na machozi. Wala hakukasirika, masikini. Alitueleza kwa kile Kiswahili chake cha jikoni kwamba hiyo ni ngoma ya kijijini kwao, huchezwa na wanaume sita baridi inapokwisha, na huku Galu hana hao watano. Kisha akachukua kinanda chake kidogo, kile cha kuvuta na kusukuma, akatupigia wimbo wake. Miaka miwili tulianua nguo kwa wimbo huo.

Bwana Alani alikwisha kufa, huko kwao. Hannah alitueleza kwamba wimbo ule ni wa kijiji chao tu na haukuandikwa popote. Wazee waliokuwa wakiupiga wamekwisha, na kilichobaki ni kanda moja ya baba yake, nayo imeharibika katikati. Kwa hiyo kila mwaka wanaume wao hucheza mpaka pale kanda inapofika, halafu husimama na vitambaa vyao hewani, hawajui pa kwenda. Alipofika hapo alijaribu kucheka, mdomo ukakataa. Siku nane amezunguka Galu akiuliza kama yuko hai mtu aliyefanya kazi kwa baba yake na akawa na masikio.

Basi akafungua simu yake, wimbo ukatoka.

Wanawake wa chama chetu cha ngoma walikuwa hapa uani, tunapanga harusi ya mjukuu wa Ummi. Wote waliinua vichwa. Ummi akauliza kwa sauti yake ile ya kuita ng'ombe, huyu Mzungu katuibia lini wimbo wetu wa kumtoa mwali. Wimbo ulipokatika niliudaka, nikauimba mpaka mwisho, kifua mbele, unanijua. Hannah alikuwa na njuga za baba yake mkobani. Akazifunga, mama mzima, akasimama katikati ya uwanja wangu, akaomba niimbe tena. Akacheza vizuri, halafu akabaki mguu mmoja juu. Tukarudia, akabaki vilevile. Akasema kwa adabu, Kheri akitafsiri, kwamba huenda mwisho huu si wenyewe, maana mguu haupati pa kutua.

Ni kweli, si wenyewe. Mwisho huo niliutunga mimi, makusudi, baada ya ile harusi ya Kinondo, ili wimbo wangu usifanane na wako. Na ule wa asili nimeutafuta siku tatu hizi, nikifua, nikikuna nazi, hata nikiswali, Mungu anisamehe. Haupo.

Sasa nalisema, na Eunice ameambiwa aliandike lote. Wimbo ule sikuupata ndotoni. Niliwaambia wanawake kwamba bibi yetu alinijia usingizini akaniimbia, kwa sababu nilitaka niwe ngui wao, niongoze nyimbo, na ngui asiye na wimbo wake hasikilizwi. Wewe ulipokuja kuuimba Kinondo na wenzako wa Msambweni, nilisimama mbele ya wakwe zako nikakuita mwizi. Nikasema umeninyang'anya mpaka bibi. Ungeweza kulitaja jina la Alani, neno moja tu, nami ningeumbuka siku ile ile. Ulinyamaza. Uliikunja leso yako ukaondoka, ukalibeba jina la wizi miaka thelathini na minane kwa ajili yangu. Nami nilijua. Kila siku nilijua, kwa hiyo usije ukanitetea kwa watoto ukasema ni uzee, nilisahau.

Jana niliwaita wanawake wote nikawaeleza. Ummi ameninunia, anasema nimemtoa mwali wake wa kwanza kwa wimbo wa Wazungu. Mama Kombe yeye alisema siku zote alishangaa, maana bibi yetu kwa ukali ule asingetoka kaburini kuja kumwimbia mtu. Uongozi nimewaachia waamue. Hilo halitaniliza. Linaloniliza ni wewe.

Hannah anaondoka Jumamosi. Nusu ya pili unayo wewe. Watu wanaotoka harusi za huko huniambia kwamba wako una mwisho mzuri kuliko wangu, nami nikawa nawafokea. Njoo Ijumaa baada ya swala. Sikuombi msamaha kwa sababu ya Mzungu, hayo mawili usiyachanganye. Mwimbie yeye na wale wanaume wao waliosimama. Kama hutaki kuniona uso, nitaingia jikoni nifunge mlango, niwapikie, nikusikilize kwa dirishani. Na ukitaka kunitukana, nitukane kwanza ndipo uimbe, kifua kitakuwa kimefunguka.

Kenga anayekuletea barua hii nimemwambia asiondoke bila jibu. Usijisumbue kulitia adabu. Msalimie Iddi na jicho lake, wabusu wajukuu, na huyo Zainabu aliyesoma mpaka hapa mpe maji anywe.

Mimi dada yako, mwizi mwenyewe,
Mwanaima binti Ramadhani