Ukurasa wa Tisa wa Ripoti

11 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti nalo limeanza kukutii. Mimi sijambo, ila vumbi la saruji limeingia mpaka kwenye daftari. Mwambie mama nakula vizuri, asianze kuwasumbua watu kwa simu.

Naandika kwa mkono kama ulivyotaka, maana unasema kwenye simu najua neno moja tu, "sawa". Haya basi. Mafunzo yangu ya vitendo hapa kwenye ujenzi yamefika nusu, na jana nilimkabidhi mhandisi mkuu ripoti yangu ya kwanza. Kurasa kumi na moja, majedwali manne. Alifungua ukurasa wa mwisho, akasaini, akaniambia kazi nzuri. Nakutumia nakala. Chuoni ningepata alama za juu kabisa.

Humo kuna jambo moja linaloninyima raha. Lakini nimeshaliandika na mkubwa ameshasaini, kwa hiyo nadhani upande wangu nimemaliza. Isome uniambie umeionaje.

Mpwa wako


14 Machi

Profesa wangu,

Marahaba. Goti bado lina kiburi, ila wodini kwa wagonjwa wangu nafika. Mama yako hajambo. Ripoti yako kaionyesha mpaka kwa muuza mkaa.

Nimeisoma yote kwa miwani, vikombe viwili vya chai vikaisha. Nimefurahi kusikia kwamba zege linapimwa na kazi inakwenda vizuri. Hilo jambo linalokunyima raha nimelitafuta, na nadhani ni lile la ukurasa wa tano, mafundi kukosa viatu vya kazi. Una haki kabisa, msumari hauna huruma. Nilipofika ukurasa wa tisa, penye "inapendekezwa hatua stahiki zizingatiwe", nilicheka, nikamwambia mama yako mtoto ameshakuwa mtu wa ofisi.

Mjomba wako


16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na kazi. Nimekupigia mara nne simu imezimwa, najua uko zamu, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi akuletee hospitalini.

Si viatu. Ni hapo hapo ukurasa wa tisa ulipocheka. Tarehe mosi tulimwaga zege la dari juu ya ghorofa ya chini. Tulitenga vipande vya kupimia, vikavunjwa baada ya siku saba. Kwa umri huo vilitakiwa viwe na theluthi mbili ya nguvu kamili. Havikufika hata theluthi moja. Na Jumamosi hii, tarehe 22, inatolewa mirunda, ile miti inayoegemeza dari mpaka zege likomae. Chini ya dari hiyo wapo maseremala kumi na wawili, ndipo wanaporanda mbao na ndipo wanapokula.

Niliandika "matokeo yako chini kidogo ya matarajio" kwa sababu niliona haya kumwambia mtu mwenye miaka ishirini kazini kwamba zege lake ni bovu. Niliona kusema wazi ni utovu wa adabu. Sasa kama wewe uliyesoma kwa mapenzi umeelewa viatu, yeye aliyesaini bila kusoma ameelewa nini? Naogopa, mjomba. Naogopa pia kwamba labda nilipima vibaya mimi, na nitachekwa, nirudishwe chuoni.

Mpwa wako


18 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, huku sote wazima. Simu yangu imeharibika na dereva ananisubiri getini, naandikia juu ya meza ya dawa.

Nisamehe kile kicheko. Sikiliza. Asubuhi tunapokabidhiana zamu hatuanzi na kitanda namba moja eti kwa sababu ni cha kwanza. Tunaanza na mgonjwa anayeweza kutufia kabla ya mchana. Tunasema ana nini, tunataka daktari afanye nini na saa ngapi. Wenye vidonda vinavyopona watasubiri. Na daktari akinitajia dozi kwa mdomo, namrudishia ile ile, naye anaitikia. Wapo wanaonuna. Wanune tu.

Kesho usimpelekee karatasi. Nenda mwenyewe, sema dari, sema Jumamosi, sema maseremala. Kama huna hakika ulipima vizuri, mwambie huna hakika, na ndiyo maana unataka lipimwe tena kabla mrunda hata mmoja haujaguswa. Halafu usitoke mpaka akuambie kwa kinywa chake atafanya nini. Adabu iweke kwenye sauti, usiiweke kwenye habari yenyewe.

Mama yako sijamwambia.

Mjomba wako


23 Machi

Mjomba, mirunda haijatolewa na watu wote ni wazima.

Shikamoo sasa. Goti vipi?

Jumatano asubuhi nilimkuta mhandisi mkuu kwenye kontena lake anatafuta kalamu. Hakuinua macho, akasema ripoti ameiona, nzuri. Nikasema, "Mzee, zege la dari halijafika nusu ya nguvu inayotakiwa. Mirunda ikitoka Jumamosi, linaweza kuwaangukia maseremala." Aliacha kutafuta kalamu. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamjibu liko ukurasa wa tisa.

Akaifungua ripoti, akaisoma ile sentensi kwa sauti, akairudia. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho akaitazama saini yake, kwa muda mrefu. Nikamuuliza atafanya nini. Nilidhani atanifokea, lakini alinijibu polepole kama mtu anayejiambia mwenyewe: maseremala wahame leo, dari ichimbwe vipande vipya vya kupimia, hakuna wa kugusa mrunda.

Fundi mkuu wa maseremala alinichukia siku nzima. Kuhamisha mashine ya kuranda si mchezo, na kwa mdomo wa msichana wa chuo ndiyo kabisa. Ijumaa vipande vilipotolewa, kimoja kilimegeka mkononi mwake. Maji yalizidi kwenye mchanganyiko. Alikishika tu, akaenda kuwaita wenzake waje waone. Dari itavunjwa imwagwe upya.

Nilipofika chumbani nililala kwa saa kumi na moja mfululizo. Sikumbuki mara ya mwisho nililala hivyo.

Mpwa wako


26 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Tangu Jumanne ile nilipokuandikia nimekuwa nikifungua redio kila saa ya habari, na kila wakisema "jengo" nazima.

Barua yako imenikuta mlangoni mwa wodi. Nimesoma mstari wa kwanza nimesimama, mingine sikuweza. Nimekaa kwenye benchi la wagonjwa nikalia, mtu mzima na sare yangu. Wenzangu wamekuja mbio wakidhani nimefiwa. Nikawaambia hapana, hakuna aliyekufa.

Mjomba wako