Matarumbeta Mbele ya Ukuta

Kaka Amosi,

Bustani yenu imefunguliwa. Nasema yenu kwa sababu majina yenu yamechongwa ukutani, nyote mliochukuliwa na mafuriko. Jina lako liko chini, karibu na bomba la maji. Bomba linavuja, kwa hiyo nyasi za upande wako zina kijani zaidi kuliko za wenzako. Nimepata kazi humo humo, ukarani wa getini, mkataba wa muda. Mama alifurahi, akalia, kisha akauliza kama karani wa bustani anapewa chai.

Usicheke, ila bado bosi akinipigia simu nasimama. Ulikuwa ukisema, "Debora, woga wako una adabu mno, ukiitwa tu unaitika." Haujabadilika.

Sasa nikueleze ya Jumamosi. Maharusi wanaruhusiwa kupiga picha bustanini, lakini muziki ni marufuku, matarumbeta yanabaki barabarani. Tangazo nililibandika mimi mwenyewe.

Mchana ikaja pikapu ya bendi yenu. Sikuwa nimewaona pamoja tangu siku ile ya mafuriko, mlipokuwa mkitoka kupiga harusini na daraja likakatika. Mashati ni yale yale mekundu uliyoyachukia. Side akashuka na dramu lake, akasoma tangazo, akaniangalia.

"Mdogo wake Amosi," akasema, "sie leo tuna harusi, lakini tunaye na mtu wetu humu. Hatujampigia."

Ni kweli. Siku ya kukuzika, nusu yao walikuwa bado wamelazwa hospitali.

Mlinzi wetu, Mzee Kondo, alikuwa amekwenda kuswali na funguo kaniachia mimi. Ningeweza kusema tumsubiri. Ufunguo niliuingiza kinyume, ukakataa kuingia, mpaka bibi harusi mwenyewe akanishikia kufuli. "Pole pole, wifi," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa naolewa.

Walipiga wimbo mmoja, ule uliokuwa ukiufanyia mazoezi bafuni mpaka wapangaji wakagonga mlango. Tromboni lako lilitolewa kwenye matope, siku hizi analipuliza Pita. Linakwaruza kwenye sauti za juu, na Pita anachelewa kuingia. Nakuambia kwa sababu ungeniuliza. Nilichokuwa nikikiogopa ni wafiwa waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi. Mama mmoja, ambaye wanawe wawili wako kwenye ukuta huo, alisimama. Nikajua sasa ananitukana. Akafunga khanga kiunoni, akacheza taratibu mbele ya majina yao, kisha akarudi kuketi.

Mtu alirekodi. Jioni video ilikuwa imeshafika kwenye simu ya bosi.

Bosi si mtu mbaya, kaka. Leo aliniita pembeni. "Binti, mkataba wako unakaribia kuisha. Andika maelezo kwamba ulikwenda kula, mlinzi akaacha geti wazi. Tuyamalize." Nikaitikia, ndiyo bosi. Nilipotoka, Mzee Kondo alikuwa amenikatia nusu ya kashata yake kama kila siku. Hajui kitu. Nilishindwa kuitafuna.

Tangu uondoke, nyumbani mwenye mshahara ni mimi tu. Naogopa, sitakuficha. Nimekaa na karatasi ya maelezo mbele yangu, na badala ya kumwandikia bosi nimekuandikia wewe.

Lakini sasa nimeshajua nitakachoandika. Kwamba mlinzi alikuwa anaswali. Kwamba tangazo nililiona, maana nililibandika mimi. Kwamba geti nilifungua mimi, na kaka yangu yumo ndani. Bosi akiingia nitasimama, hilo siwezi kuliacha. Nitampa karatasi nikiwa nimesimama.

Pumzika, kaka. Wakiniacha kazini au wakinitoa, Jumamosi nitakuja kukaa upande wako. Nitamwambia Pita ahesabu kabla ya kuingia. Na lile bomba sitamwambia mtu yeyote kwamba linavuja.

Mdogo wako,
Debora