Picha za Dini Zifichwe

Shoga, kaa chini kwanza.

Unamkumbuka yule mwananchi aliyetuandikia rasmi, akidai aonyeshwe sera inayotufanya tufiche picha za dini kwenye televisheni ya umma? Mimi ndiye wa kumjibu, na siku ya mwisho ni leo.

Sera hakuna. HAKUNA.

Kuna karatasi tu ukutani, chumba cha uhariri: "Picha zote za dini zifichwe." Basi. Miaka kumi na moja tunazitia ukungu kwenye skrini. Mwaka jana shekhe na askofu walishikana mikono, tukabakiza mikono tu.

Nikampigia aliyeiandika, mhariri mkuu mstaafu. Mzee akacheka mpaka akapaliwa. "Mwanangu, dari la chumba hicho lilikuwa linavuja! Nilisema zile zilizotundikwa humo zifichwe kabatini, zisilowe."

Zisilowe, shoga. ZISILOWE.

Nikamwita bosi palepale chini ya karatasi, nikamweleza. Akaisoma karatasi mara mbili. Nikajua kazi sina.

Mwisho akauliza, "Na hilo dari, lilitengenezwa?"

Tukatazama juu wote wawili.

Tone likadondokea barua ya mwananchi niliyoishika.